Hiyo Si Kuomba, Mdogo Wangu, Ni Tuzo

Mdogo wangu wa Mowlem, barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe ni mwimbaji wa harusi, na mikusanyiko ilipopigwa marufuku Machi 2020 kwa sababu ya korona, hukushika tena maikrofoni mbele ya watu. Wenzako wawili wa Dandora, mpiga kinanda na mpiga ngoma, wanakuhimiza muimbe mubashara kwenye Facebook na mweke namba ya M-Pesa. Unaniambia: "Dada, naona haya. Ploti nzima itasema siku hizi naomba."

Tuanze na hiyo haya. Kule Mombasa na Lamu, taarabu ikikolea, mama huinuka kitini, akacheza pole pole hadi mbele na kumtuza mwimbaji noti, watu wote wakiona. Sijasikia mtu akisema mwimbaji huyo ameomba. Wala huna haja ya kwenda pwani. Kwenye shoo za ohangla hapa Nairobi kuna pakruok ya Wajaluo: mtu anatoa pesa, muziki unatulia kidogo, anajisifu au anamsifu ampendaye, kisha ngoma inaendelea. Mtoaji kapata sifa na msanii kapata riziki. Kafyu ya korona ilifunga ukumbi tu, mdogo wangu. Kutuza kunawezekana hata kwenye simu.

Lakini ukubali kwamba mtoaji naye anataka kusikika. Mwezi uliopita nilitazama vijana wakiimba nyimbo saba, nzuri kweli, halafu namba ikatokea baada ya wimbo wa saba, tukiwa tumebaki watu wachache sana. Roho iliniuma. Wewe iandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uibandike ukutani nyuma yako kuanzia wimbo wa kwanza. Ndugu yako asiyeimba ashike simu yenye laini hiyo. Kila ujumbe ukiingia akuandikie jina, nawe ulitie ndani ya wimbo. Jina la kwanza tu linatosha, na kiasi usikitaje kamwe. Aliyetuma hamsini leo huenda hiyo ndiyo aliyokuwa nayo, na tangu katikati ya Machi 2020 aliweza kuituma bila kukatwa, maana hadi shilingi 1,000 kutuma kulikuwa bure. Ada ya kutoa bado ipo, basi iweke kwenye hesabu yako.

Imba nyimbo zako mwenyewe. Ukipiga rekodi za watu, Facebook inaweza kukuzima sauti katikati.

Kuhusu saa, usiniambie usiku. Kafyu ilianza saa moja jioni, na amri yenyewe iliongezwa hadi Juni 6, 2020. Sikutaka kusikia mpiga ngoma wako amekutana na askari barabarani akirudi Dandora na ngoma mgongoni. Chagua Jumapili saa tisa alasiri, dakika arobaini, bando za watu zisiishe. Saa hiyo Dubai ni saa kumi jioni na London ni saa saba mchana. Shangazi na binamu walio huko wataweza kutazama.

Sasa jambo linalovunja vikundi: mgao. Kaeni chini leo, kabla hamjaimba, mwandike nani anapata nini. Mpiga ngoma naye ana kodi. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakikosana kwa shilingi elfu tatu, na hawajasalimiana hadi leo.

Najua ulitazama ile shoo ya One World: Together at Home ya Aprili 18, 2020. Usijipime nayo. Lady Gaga alikuwa amekwisha kukusanya dola milioni 35 kabla hata shoo haijaanza, na fedha zile zilikuwa za kupambana na korona. Wewe watu wako ni majirani na maharusi uliowaimbia. Usiwaambie "wasanii tunateseka." Waambie mnatafuta kodi ya Juni ya watu watatu, mtaje jumla, na ikitimia mseme imetimia. Jumatatu asubuhi wekeni taarifa ya M-Pesa, majina na namba za watu zikiwa zimefichwa.

Zile shilingi milioni 100 ambazo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza Aprili 2020 zitoke Hazina ya Michezo kwa ajili ya wasanii, zifuatilie, ni haki yako. Ila mwenye nyumba anagonga tarehe tano, pesa za serikali ziwe zimefika au hazijafika.

Nanyi wasomaji wangu wengine, neno moja. Wako kati yenu waliooa mwaka jana wakamwambia mwimbaji "salio nitakutumia kesho." Kodi ya Juni inakaribia. Mtumieni leo.