Kibali Kwanza, Pesa Baadaye: Mwongozo kwa Anayetaka Kuuza au Aliyeachiwa Silaha

Mtu wa Sinza, Dar es Salaam, akitaka kuuza pikipiki, njia anaijua. Wanapatana bei pale Mori au Kijiweni, wanaandikishana kwa mwanasheria, pesa zinahesabiwa, mnunuzi anaondoka na chombo. Kadi itabadilishwa jina TRA baadaye, na wapo wanaokaa nayo miaka bila kuibadilisha. Kwa bastola au bunduki, mpangilio huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ruhusa inatangulia, makabidhiano yanafuata, na anayeruka hatua ya kwanza anaingia kwenye kosa la jinai, yeye pamoja na mnunuzi wake.

Makala haya yanawahusu watu wa aina tatu: mwenye silaha halali anayetaka kuachana nayo, familia iliyoachiwa silaha na marehemu, na mwenye gobore au bunduki ya kale anayoitunza kama kumbukumbu ya ukoo.

Sheria ilivyobadilika

Wamiliki wengi wa umri mkubwa walipata leseni zao chini ya Sheria ya Silaha na Risasi ya 1991. Sheria hiyo haipo tena. Mahali pake imekaa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015, ambayo ni kali zaidi kwa mtu binafsi. Anayeomba leseni awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe na rekodi ya uhalifu, na awe na cheti cha kuthibitisha kwamba anajua kuitumia na kuitunza silaha. Taarifa za silaha zote za raia zinakusanywa kwenye rejesta moja kuu chini ya Msajili wa silaha.

Ukali huo haukuzuka hivihivi. Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisaini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogondogo. Zilikubaliana kuweka alama kwenye silaha, kutunza kumbukumbu zake, na kutoruhusu raia kumiliki bunduki za kujiendesha zenyewe, yaani zinazomimina risasi mfululizo. Vita vya Burundi, Rwanda na Kongo vilikuwa vimezipitisha silaha mipakani bila mtu kujua ni ya nani.

Mwaka 2016 ukaja uhakiki. Wamiliki walitakiwa kupeleka silaha na leseni zao polisi zilinganishwe na kumbukumbu. Dar es Salaam zoezi lilitangazwa na Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, na Rais John Magufuli naye alihakiki silaha zake. Kama silaha yako haikufikishwa kwenye uhakiki, historia yake ina pengo. Lizibe pengo hilo kwanza, kabla hata hujawaza bei.

Ukitaka kuuza

Leseni ni ya mtu, haifuati chuma. Jina lako likiwa kwenye leseni, mnunuzi hawezi kuitumia hata kwa siku moja, na mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa wakili hauwezi kumpa ruhusa hiyo. Fuata mpangilio huu:

1. Anza polisi. Nenda ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD) na leseni yako, kitambulisho cha Taifa na stakabadhi za ada. Silaha iache nyumbani mahali salama mpaka uelekezwe namna ya kuileta. Kupanda nayo daladala kwenda kuuliza swali ni kujitafutia matatizo.

2. Mnunuzi aombe kibali chake mwenyewe. Safari yake inaanzia serikali ya mtaa anakoishi, kwa watu wanaomjua. Maombi yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, yanapanda ngazi za kata, wilaya na mkoa, hadi kwa Msajili. Usipokee hata malipo ya awali kabla kibali hakijatoka, kwa sababu maombi yanaweza kukataliwa, na ukishazila pesa za watu utashawishika kuitoa silaha kwa mlango wa nyuma.

3. Linganisheni namba. Kwenye chuma kuna namba ya kiwanda, na kuna namba ya usajili wa Tanzania ambayo wamiliki wengi huijua kwa herufi CAR. Chukua kitambaa kikavu, futa mafuta, soma tarakimu mojamoja kwenye mwanga ukiwa na leseni mkononi. Saba iliyolika husomeka moja, nane iliyojaa kutu husomeka sifuri. Tarakimu moja ikipishana, kwenye karatasi hiyo ni silaha nyingine kabisa, na ni heri kosa hilo uligundue wewe kuliko askari wa doria.

4. Kabidhi mbele ya polisi. Hakikisha jina lako limeondolewa kwenye kumbukumbu, na ubaki na nakala ya maandishi. Silaha hiyo ikitumika kwenye ujambazi miaka mitano ijayo, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Risasi nazo zina utaratibu wake. Hazitolewi kama nyongeza ya mauzo, maana kuwa nazo bila leseni ni kosa linalojitegemea.

Wakazi wa Sinza wana jambo moja la ziada la kuangalia. Leseni za zamani zinaweza kusomeka Kinondoni, ilhali kata ya Sinza sasa iko Manispaa ya Ubungo. Aliyehama kutoka Temeke au Kinondoni naye anwani yake huenda imebaki ile ya zamani. Rekebisha anwani mapema, usisubiri siku ya kuuza.

Silaha ya marehemu

Hapa ndipo watu wema wengi wanapokwama. Mzee amefariki, arobaini imepita, watoto wanafungua kabati na kukuta bastola iliyofungwa kwenye kitambaa, pamoja na leseni. Mtoto wa kwanza anaichukua "aitunze". Tangu dakika hiyo ana silaha asiyo na leseni yake, na jina la baba kwenye karatasi halimkingi.

Toeni taarifa polisi mapema na mkabidhi silaha itunzwe huko, bila kusubiri mirathi iishe. Andikeni jina la askari aliyepokea, tarehe na namba za silaha. Polisi kuitunza hakuifanyi iwe ya serikali: thamani yake bado ni sehemu ya mali ya marehemu, na msimamizi wa mirathi aiorodheshe pamoja na nyumba na akaunti za benki. Usimamizi huo huombwa mahakamani. Kwa Dar es Salaam kipo Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mashauri ya mirathi na familia.

Baada ya hapo njia ni tatu. Mrithi anayeitaka aombe leseni kama mwombaji mpya, kwa masharti yote ya umri na cheti. Asipotaka, msimamizi aiuze kwa mtu mwenye kibali, kwa hatua tulizozitaja. Isipopata mtu, isalimishwe.

Gobore na bunduki za ukumbusho

Wapo wanaoamini kwamba silaha ikizeeka inageuka pambo. Gobore la babu lililoletwa kutoka Rufiji au Tabora linatundikwa sebuleni juu ya televisheni. Litazame kwa karibu: mtutu mrefu, wakati mwingine wa bomba la maji, kitako cha mbao, na ufito wa kushindilia baruti na gololi kupitia mdomoni. Halina magazini wala chapa ya kiwanda, lakini linaua mnyama na linaua mtu. Mbele ya sheria hiyo ni silaha, na gobore lisilo na leseni ni silaha haramu. Mkusanyaji wa vitu vya kale apeleke maelezo yake polisi kwanza, asijipe msamaha mwenyewe kwa sababu ya kutu.

Mitego ya kuepuka

Dalali anayesema "nina mteja, usajili tutaumaliza baadaye" anakutafutia kifungo. Ndivyo ilivyo pia kwa matangazo ya kwenye makundi ya WhatsApp. Kuazimisha ni kosa hata kwa shemeji mlinzi wa duka lako. Silaha ikiibiwa, ripoti mara moja. Mwenye silaha anayekaa kimya anaonekana kama aliyeiuza.

Adhabu si ya mchezo. Kumiliki silaha kinyume cha kifungu cha 20 cha Sheria ya 2015, au risasi kinyume cha kifungu cha 21, huangukia kwenye makosa ya uhujumu uchumi, ambayo kifungo chake ni kati ya miaka 20 na 30.

Usikae ukitegemea kwamba ulichoruhusiwa jana kitabaki hivyo. Desemba 2018 serikali ya Kenya iliwataka wamiliki wote wa silaha wakaguliwe upya ndani ya siku 90. Mwaka huohuo Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake za utambuzi. Sheria zinabadilika, na mwenye karatasi kamili ndiye anayepita bila jasho.

Aliye na silaha isiyo na karatasi afuatilie vipindi vya msamaha. Umoja wa Afrika umeutenga Septemba kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na Tanzania ilitoa msamaha wa namna hiyo Septemba na Oktoba 2023. Kinachotolewa ni kutoshtakiwa, na kina tarehe ya mwisho. Tangazo likitoka, uliza kituoni au kwa mtendaji wa mtaa wapi pa kukabidhi, na udai stakabadhi kabla hujaondoka.