SOMO LA NYUMBANI: TUYAFUNIKE MABOMBA YETU YA MAJI

Katika somo letu la safari hii tutajifunza juu ya kitu tunachokiruka kila siku uani bila kukiangalia, yaani bomba la maji. Shabaha yetu ni tatu: tujue kwa nini bomba hupasuka, tujue hasara yake, kisha tujue kulilinda. Twaomba wazazi wawasomee watoto pia, maana wao ndio wachezao karibu na koki.

1. BOMBA HUPASUKAJE KWA BARIDI?

Tuanze mbali kidogo, ndipo turudi Ng'ambo. Wenye watoto au ndugu Uingereza na Kanada wamekwisha kusikia habari za mabomba kupasuka kwa baridi. Kwetu habari hii ni kama kichekesho, kwa sababu hapa Tabora hata asubuhi za Julai maji hayagandi. Lakini nchini mwetu baridi ya namna hiyo ipo. Huko Kitulo, wilayani Makete, na sehemu za Njombe, katika miezi ya Juni na Julai watu huamka wakakuta sakitu nyeupe juu ya majani.

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi hugeuka, yakaanza kutanuka. Yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100. Basi lita 10 za maji huwa karibu lita 11 za barafu. Mwenye jokofu na ajaribu: ajaze maji chupa ya plastiki hadi mdomoni, aifunge, ailaze usiku kucha mahali pa kugandishia. Asubuhi ataiona imevimba. Asitumie chupa ya kioo, kwa kuwa itavunjika.

Ndani ya bomba barafu huwa kama kizibo. Ikiongezeka huyasukuma maji yaliyofungiwa kati yake na koki, nayo kwa kuwa hayana pa kwenda, hupasua mahali palipo dhaifu. Kwa hiyo Uingereza kanuni ni kuyafukia mabomba yaingiayo nyumbani kwa kina cha sentimeta 75 au zaidi, maana baridi haipenyi upesi ardhini. Yale yapitayo darini huvikwa sponji nene. Vazi hilo halitengenezi joto. Hulizuia tu lisitoke haraka, kama blanketi lifanyavyo kwa mtu aliyelala.

Mwezi wa Februari 2021 jimbo la Texas huko Marekani, ambalo limezoea joto, lilipatwa na baridi kali. Nyumba nyingi hazikujengwa kwa kuitazamia. Mabomba yakapasuka, na mamilioni ya watu wakakosa maji salama. Fundisho ni hili: bomba huharibiwa na hali ya hewa ambayo mwenye nyumba hakujiandaa nayo.

2. ADUI WA BOMBA HAPA KWETU

(a) Jua. Kwetu adui wa kwanza ni jua. Bomba la plastiki la kijivu likikaa juani miaka kadhaa hupauka na kukakamaa, na mwisho hukatika kama kijiti kikavu. Lile jeusi la polithini huvumilia zaidi, kwa sababu weusi uliochanganywa ndani yake huzuia mionzi. Hata hivyo hurefuka sana kwa joto. Mita 10 za bomba hilo, joto likizidi kwa nyuzi 20, hurefuka sentimeta 3 hadi 4. Chuma cha urefu huo huo huongezeka milimita 2 na kidogo tu. Mchana hurefuka, usiku hufupika, na kidogo kidogo viungio hulegea.

(b) Mvua. Udongo wetu mwingi una mchanga. Mvua za Novemba hadi Aprili huuchukua, na bomba lililofukiwa kiangazi likabaki wazi.

(c) Magurudumu. Bomba lililofukiwa kiganja kimoja tu haliwezi kuhimili mkokoteni wa matofali, sembuse lori.

(d) Hewa. Maji yakikatika, bomba hujaa hewa. Yakirudi kwa nguvu huisukuma hewa hiyo, na kishindo chake huvunja kiungio kilichokwisha kulegea.

3. HASARA YAKE

Wazee wetu waliobeba mizigo katika misafara wakapita Mgunda Mkali, ile nyika kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, walijua thamani ya kibuyu kimoja cha maji. Sisi kwa miaka mingi tulilitegemea Bwawa la Igombe, na sasa maji ya Ziwa Victoria husafiri zaidi ya kilomita 200 kutufikia. Ni aibu maji yaliyosafiri mwendo huo yaishie matopeni, hatua tano kutoka mlangoni.

Tufanye hesabu. Mvujo unaojaza chombo cha lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 43,200, au uniti 43 katika ankara, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Mvujo ukiwa baada ya mita, mlipaji ni mwenye nyumba. Na jirani aliye mwisho wa laini huona koki yake ikitoa pumzi tu.

Lakini hasara kubwa kuliko fedha ni ugonjwa. Maji yakiwa na nguvu hutoka nje kwa ule ufa. Yakikatwa, nguvu hupungua, na bomba laweza kuvuta ndani maji machafu yaliyolizunguka. Kama hapo pana dimbwi au choo cha karibu, vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu huingia, na maji yakirudi hutufikia vikombeni. Mtoto mdogo ndiye aumiaye kwanza. Hivyo ufa mdogo uani kwetu si jambo la kudharau. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. KAZI YA KUFANYA

Kwanza, tupime. Usiku tufunge koki zote, tuandike namba za mita, na mtu asichote maji. Asubuhi tusome tena. Namba zikiwa zimesogea, pana mvujo.

Pili, tufukie. Uani tuchimbe mtaro wa nusu mita au zaidi. Lipitapo gari, tukaribie mita moja. Chini tutandike mchanga laini usio na mawe, tulaze bomba bila kulivuta likakaza, tulifunike kwa mchanga tena, ndipo udongo.

Tatu, palipo lazima bomba litokeze, kama penye koki au tangi, tulivike. Kipande cha bomba kubwa kilichopasuliwa kwa urefu chafaa, au kizimba kidogo cha matofali.

Nne, maji yakirudi baada ya kukatika, tufungue koki moja kidogo ili hewa itoke. Maji ya kwanza yakiwa na tope tusiyanywe, na ya kunywa tuyachemshe.

Tano, mvujo ulio kabla ya mita tuwaarifu TUWASA bila kukawia. Tusifunge mpira wa baiskeli na kuita kazi imekwisha. Ulio baada ya mita tumwite fundi.

Kazi hii tuifanye kabla ya mvua za Novemba, ardhi ingali kavu. Vijana wakiwasaidia wazee na wajane waliomo mtaani, Jumamosi moja yatosha kwa nyumba kadhaa.

5. MASWALI YA KUJIPIMA

(i) Kwa nini sponji hulinda bomba ingawa haina joto lake yenyewe?
(ii) Mvujo wa nusu lita kwa dakika hupoteza ndoo ngapi za lita 20 kwa siku? (Jibu: 36.)
(iii) Kwa nini mvujo ni hatari zaidi siku maji yanapokatika?
(iv) Katika uwanja wako, bomba linaonekana mahali gani, na ni nani atakayelifukia?

Swali la mwisho lijibiwe kwa jembe.