Somo la Mwezi: Msitu wa Kwamsisi na Chemchemi Yetu



Mwezi uliopita tulieleza namna ya kuanika karafuu zisiingie ukungu. Mwezi huu twatoka kidogo nje ya shamba, twende Bara, mpaka Kwamsisi katika Wilaya ya Handeni. Huenda mwanachama akauliza: Katibu, Handeni yatuhusu nini sisi watu wa kisiwani? Twamwomba avute subira.

Kwanza tuseme wazi kwamba kuukeni kwetu ni Kwamsisi, na kila mtu husifu kwao. Lakini Wazigua wana haki ya kujisifu. Katika karne ya 19 njaa kali iliwaangukia, na wengi wakachukuliwa utumwani mpaka pwani ya Somalia. Huko wakatoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi ya vitukuu wao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakapewa makao Chogo, huko huko Handeni. Baadaye wengi walipata uraia. Zaidi ya miaka 150 imepita, na wenyeji wakawasikia wakisema Kizigua!

Basi watu hawa waliipendaje nchi yao? Si kwa maneno tu. Tangu zamani Wazigua walikuwa na misitu midogo midogo iliyowekwa chini ya ulinzi wa wazee. Mingine ilikuwa ya makaburi, mingine ya matambiko, mingine ya jando. Mtu hakuingia na shoka. Wataalamu waliozunguka Handeni katika miaka ya 1990 waliikuta misitu ya namna hiyo kwa mamia, mingi yake midogo sana. Sisi tuliosoma chuoni hatuna haja ya matambiko, na hatumwambii mtu ayafanye. Tunachokitazama ni kile kilichobaki baada yake: miti iliyosimama mahali ambapo pengine kote imekwisha.

Tusidanganyane, hata huko mambo yameharibika. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na neno la mzee likapungua uzito. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine wakawa mbali na misitu waliyokuwa wakiilinda. Kisha likaja soko la makaa la Dar es Salaam, ambalo halishibi. Hata hivyo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji cha Bara kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Lililokuwa mwiko laweza kuandikwa katika daftari la kijiji.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye kidonda.

Mwaka jana kamati yetu ilikubali miti mikubwa iliyokuwa juu ya chemchemi ikatwe, tupate mbao za banda na nafasi ya mikarafuu zaidi. Sisi wenyewe ndio tuliouandika uamuzi huo, na sahihi yetu imo. Mzee mmoja alisimama akapinga. Tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukapiga kura. Kiangazi kilipofika maji yakawa membamba kama uzi, na sehemu kubwa ya miche yetu kitaluni ikanyauka.

Mwanachama aelewe kisa chake. Miti haiumbi maji. Lakini majani yaliyooza chini yake huifanya ardhi kuwa kama sifongo, na mizizi huifungulia mvua njia ya kuzama, kisha maji hutoka chini polepole hata miezi ya jua. Ukiliacha bonde tupu, mvua hupiga udongo mkavu, ikateremka mbio baharini pamoja na rutuba yako. Nao mkarafuu ukiupanda leo huchukua miaka 6 hata 8 kabla ya kuchuma. Mche uliokufa si hasara ya senti chache. Ni miaka hiyo yote kuanza upya.

Twajivuna sana kwamba karafuu yetu yajulikana ulimwenguni. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na wazee wetu walishukuru. Mwaka jana hapakuwa na kimbunga. Palikuwa na shoka, na karatasi ya mkutano.

Kamati imekwisha kubali kwamba hatua 60 kuzunguka chemchemi hapatalimwa wala kukatwa kuni, na mikarafuu iliyopandwa humo itahamishwa ikiwa bado michanga. Mzee aliyetupinga amekubali kuwa msimamizi, kwa sharti kwamba asiulizwe tena kura. Jumapili ya kwanza ya masika tutapanda mikuyu na mizambarau pale juu, kuanzia saa moja asubuhi. Majembe yapo ya kutosha. Ndoo hazitoshi, basi kila mtu aje na yake.