Kabla Hujamwambia Mnunuzi "Nimekubali"

Wadogo zangu, nyumba imekaa sokoni miezi. Kila Jumamosi dalali anakuletea watu wa kuchungulia choo, kugonga kuta na kuuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Halafu jioni moja simu inaita: "Dada, nimepata mtu wa milioni mia na kumi na nane, anataka jibu leo leo." Moyo unaruka, na kichwani umeshaanza kuzigawa zile milioni.

Hebu tulia kwanza. Wengi wetu hapo tunauliza kama mteja anaweza kuongeza kidogo. Mimi nataka uulize swali jingine kabla ya hilo: analipaje? Zinatoka wapi, zinaingia lini, na zikichelewa inakuwaje? Bei ni maneno tu mpaka pesa isome kwenye akaunti yako.

Tuseme nyumba ni ya vyumba vitatu, iko Kimara, hati ipo, na umetangaza milioni 120. Wamefika wateja watatu. Wa kwanza ndiye huyo wa 118: anakupa 40 sasa, anahamia mwezi huu, zilizobaki atamalizia ndani ya mwaka. Wa pili ni mwajiriwa, anaweka 112 kwa mkopo wa benki. Wa tatu anaweka 100, zote kwa mkupuo, akishafanya upekuzi wa hati na kujiridhisha. Dalali atakusukuma kwa wa kwanza, kwa sababu asilimia yake inahesabiwa kwenye bei, na yeye anataka kuikata kwenye zile 40 za mwanzo.

Mimi huyo wa kwanza ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Akishahamia atabadilisha vitasa, atapaka rangi, watoto wataanza shule ya hapo jirani. Mwezi wa nne biashara imeyumba, wa sita hapokei simu. Kumtoa huwezi kwa kelele wala kwa mgambo. Utaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, utapangiwa tarehe, shauri litaahirishwa, na muda wote huo yeye analala ndani huku shilingi inapungua thamani. Kama kweli humtaki mwingine, basi asihamie mpaka amalize. Akilazimisha kuhamia, aingie kama mpangaji, kwa mkataba wa pango unaojitegemea na kodi ya kila mwezi isiyohesabiwa kwenye bei ya nyumba. Hati halisi haimfikii. Nakala anaonyeshwa, halisi inakaa kwa wakili mliyemkubali wote wawili. Utaona wateja wa aina hii wanavyopotea ukiwatajia masharti hayo, na ni bora wapotee sasa.

Wa pili ana mambo yake. Benki haikopeshi kwa bei mliyokubaliana ninyi. Inatuma mthamini, na inakopesha kwa kuangalia thamani aliyoiandika yeye. Mthamini akija na milioni 98, zile 112 zinabaki na pengo. Kwa hiyo muulize mteja mapema, bila aibu: benki ikitoa pungufu, zilizobaki utazitoa wapi? Mwenye akiba atakujibu hapo hapo. Asiye nayo ataanza kuzungumzia shangazi yake aliye nje ya nchi. Jingine ni kwamba benki nyingi huachia pesa baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, maana yake utasaini kabla hujalipwa. Hapo usisaini kwa neno la afisa mikopo, hata kama ni kijana mpole mwenye tai. Dai barua ya benki yenyewe ya kuahidi kukulipa, yenye kiasi na akaunti yako, na wakili wako aisome kabla yako.

Wa tatu yuko chini kwa milioni 12 kumshinda wa benki. Hizo ndizo gharama za kutosubiri, na thamani yake unaijua wewe. Kama una kiwanja ulichokwisha kukiwekea ahadi, au mgonjwa India, milioni 12 si nyingi. Kama huna haraka, ni nyingi sana. Mimi ningempa mtu wa benki tarehe ya kuleta barua yake, na wakati huo huo ningemrudia wa tatu na 108, bila kupokea hata shilingi ya yeyote. Ukishapokea kishika uchumba cha watu wawili kwa nyumba moja, hiyo si biashara tena, ni kesi.

Hapo kwenye kurudisha bei kuna jambo la kisheria linalowaponza wengi. Ukisema "nimekubali, ila uongeze tano" au "nimekubali, ila nikae miezi mitatu kwanza", kwa Sheria ya Mikataba hujakubali. Umetoa pendekezo jipya, na lile lake limekufa. Akienda kununua kwingine usimwite mwongo. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka makubaliano ya kuhamisha milki yawe kwenye maandishi ndipo mahakama iyatambue, kwa hiyo yale mliyomalizana kwenye simu hayakulindi wewe wala yeye. Ukipenda ofa, jibu kwa ujumbe wa namna hii:

"Nimepokea ofa yako ya shilingi milioni 112 kwa nyumba yangu ya Kimara. Niko tayari kuuza kwa bei hiyo ukileta barua ya benki kabla ya tarehe 30. Makubaliano yatakuwa kamili tukishasaini mkataba mbele ya wakili. Hadi hapo nyumba bado iko sokoni."

Huo hauna dharau wala hauna mlango wa kukubana. Mkataba wenyewe useme kishika uchumba ni kiasi gani, kinakaa kwa nani, na nani anakipoteza mteja akighairi au wewe ukighairi. Hilo la wewe kughairi wauzaji huwa hawaliandiki, halafu ndilo linalowatoa jasho.

Kabla ya yote, uza kilicho chako. Mmeyaona maandishi yaliyopigwa brashi nyekundu kwenye kuta za Dar, "NYUMBA HII HAIUZWI". Mara nyingi nyuma yake kuna mke aliyesikia habari kwa jirani, au ndugu wa mirathi aliyerukwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ridhaa hiyo ipate kwa maandishi kabla hujampa mtu bei. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Na mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, lakini muhuri wake hauhamishi hati.

Kuna ofa nyingine inakuja kwa sauti ya chini: "Nakupa 112, ila kwenye mkataba tuandike 60, tupunguze kodi." Kataa. Kwanza ni kuidanganya serikali. Pili, akikulipa hizo 60 na kuingia mitini, utamdai kwa karatasi gani? Tatu, mnaweza msiambulie kitu, kwa sababu uthaminishaji hufanyika na TRA wanayo macho.

Kodi yenyewe ihesabu kabla ya kukubali, kwa sababu uhamisho hausajiliwi bila hiyo. Mkazi anatozwa asilimia 10 ya faida. Kama kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 85 na umeuza 112, faida ni 27, kodi ni milioni 2.7. Risiti za saruji na mabati ulizozitupa ndizo zingekuwa utetezi wako. Nyumba uliyoimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka mitatu inasamehewa, ilimradi faida haizidi milioni 15. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi ni wa mnunuzi, ila andikeni. Kodi ya pango la ardhi yenye malimbikizo itamaliziwa na wewe.

Akikutajia bei kwa dola, mwambie kanuni za 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana hapa ndani kwa fedha za kigeni. Na kama mnunuzi si raia, sheria haimruhusu kumiliki ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake. Usije ukasubiri miezi kwa uhamisho usiowezekana.

Dalali naye malizana naye kwenye karatasi: asilimia ngapi, inalipwa lini, na nani anailipa. Mimi nasema ilipwe pesa ya mwisho ikishaingia. Usikubali ule mtindo wa wewe kutaja unachotaka na yeye kuweka cha juu asichokwambia. Siku mnunuzi na wewe mtakapokaa kwa wakili, bei mbili zitakutana mezani.

Na mpangaji wa chumba cha uani, mwambie mapema. Kama alikulipa kodi ya miezi sita na umeshaila, miezi iliyobaki mkatiane na mnunuzi kwenye bei, iandikwe. Asije siku ya kukabidhi funguo akatoka na risiti yake mkononi, mnunuzi akakugeukia wewe.