Bima kwa mwandishi asiye na mwajiri

*Ninaishi Musoma na kulipwa kwa kila habari inayotoka. Sina mkataba. Nikiugua, kipato kinasimama. Nikate bima gani? – Mwandishi wa kujitegemea*

Ndugu mwandishi, hofu yako ina msingi: ugonjwa mmoja unakula akiba na kusimamisha kazi kwa wakati uleule, na hakuna mwajiri wa kukukatia bima. Kwa hiyo anza na afya. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipangwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, bei inayovutia, lakini huduma zake huishia hospitali ya mkoa, ambayo kwako Musoma ni Kwangwa. Ukipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, gharama inakurudia wewe, na huko ndiko bili kubwa zilipo. Ndiyo maana mwenye ugonjwa sugu nyumbani namshauri aulizie kwanza vifurushi vya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili mipango hii, hivyo hakikisha viwango vya sasa kabla ya kulipa.

Utasema kipato chako hakitabiriki. Kweli, na ndiyo sababu ya kulipia mwaka mzima malipo mazuri yanapoingia. Uzeeni je? Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hupokea waliojiajiri. Kama unapanda bodaboda kwenda Butiama au mitumbwi ziwani kutafuta habari, ongeza bima ya ajali binafsi. Soma vizuri yasiyolipwa na bima hiyo. Kampuni ya bima ikikataa dai lako bila sababu ya msingi, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ukiwa na nakala ya mkataba wa bima na risiti.