Dondoo muhimu: Tanuri la kusubia alumini lisipoteze moto

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na tanuri dogo la mkaa hufika hapo. Kazi ni kulizuia joto lisitorokee ukutani.

• Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kwenye vitundu vidogo. Changanya udongo wa mfinyanzi na vumbi la mbao au pumba za mpunga; tofali likichomwa, pumba huungua na kuacha vitundu. Tofali hilo jepesi ni dhaifu, kwa hiyo likae nyuma. Upande unaokabili mkaa weka tofali zito la kuhimili moto.

• Saruji ya kawaida na mawe ya mtoni, hapana. Saruji humomonyoka, jiwe lenye unyevu linaweza kulipuka.

• Usiharakishe kuwasha. Ukuta mpya ukauke kivulini siku kadhaa, kisha upate moto mdogo kwa saa nyingi, la sivyo mvuke utaupasua. Na hili nalisisitiza kuliko yote: maji yakinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka, hutokea mlipuko unaoweza kuua. Kalibu, upawa, sakafu, hata chakavu unachoongeza chunguni, vyote viwe vikavu kabisa.

• Blanketi la nyuzi za kauri huhifadhi joto vizuri sana, lakini vumbi lake ni hatari kwa mapafu, hasa likiwa kuukuu. Unapolibandua, subiri tanuri lipoe, lilowanishe, na uvae barakoa inayozuia vumbi laini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.