Mchezo wetu ulimuumiza mwenzetu

SWALI: Tuko vijana watano hapa Kaptembwo, Nakuru, tunaocheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi pamoja, kila Jumamosi. Mimi ndiye msimulizi. Juzi, katika hadithi, majambazi walichoma kijiji nami nikaeleza kila kitu. Mwenzetu mmoja akanyamaza, kisha akaondoka. Wengine wanasema ni mchezo tu. Nifanye nini?

JIBU: Mtafute leo, umwombe msamaha, na usimdai maelezo. Kaptembwo ni miongoni mwa mitaa ya Nakuru iliyokumbwa na ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008. Nyumba zinazoungua si hekaya kwa kila mtu mtaani kwenu. Huenda lililomgusa ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo hana deni la kukueleza.

Kabla ya kurusha dadu tena, kubalianeni mipaka. Mtunzi wa michezo Ron Edwards alipendekeza aina mbili: mstari, yaani jambo lisiloingia kabisa katika hadithi, na pazia, yaani jambo linalotokea lakini halisimuliwi. Kila mtu akuandikie mipaka yake faraghani, nawe uwasomee wote bila kutaja majina. Mbele ya marafiki, wengi wetu husema "niko sawa" hata tukiwa hatuko sawa.

John Stavropoulos naye alibuni kadi ya X: karatasi yenye herufi hiyo, katikati ya meza. Anayeigusa haulizwi kwa nini. Tukio linabadilishwa, mchezo unaendelea. Wewe msimulizi iguse wa kwanza, hata kwa jambo dogo, ili wengine waone inaruhusiwa.

Na anayesema "ni mchezo tu"? Mwambie waziwazi kwamba asipokubali mipaka hiyo, Jumamosi hamtacheza naye.